Mapipa Kumi na Mawili Juu ya Paa

Sumu ya wadudu niliijua kwa pua kabla sijaijua kwa akili. Nimeuza mboga hapa mtaa wa Tena, Eastlands, miaka mingi, na kila asubuhi nikifungua gunia la sukuma wiki, harufu ile hutoka kwanza, majani baadaye. Sikuwahi kuilaumu. Mteja wa Eastlands akiona tundu moja kwenye jani anarudisha fungu zima na kuniuliza kama nimemletea makombo ya kiwavi. Kwa hiyo kila msimu nilimwambia mkulima wangu: niletee majani mazima. Alijua maana yake, nami nilijua kwamba anajua. Shamba lake liko kando ya kijito, kule mbele ya Komarock, na akimaliza kupiga dawa husuuza pampu yake kwenye kijito hichohicho. Nililiona hilo kwa macho yangu nikanyamaza, maana nilikuwa nimekuja kuchukua mboga.

Basi mjukuu wangu aliponiambia chuo kikuu kimemkubalia achunguze jinsi dawa hizo zinavyowaathiri viumbe wa majini, nilimuuliza, "Viumbe gani? Vyura?"

"Wadudu, Kukhu. Wale wadogo wanaokaa kwenye matope."

"Mtu anaua wadudu shambani, halafu wewe unakwenda kuwalilia wadudu mtoni?"

"Silii. Nahesabu."

Ananiita Kukhu kama watoto wa kwetu magharibi wanavyowaita bibi zao. Nimemlea tangu ana meno mawili. Nilimbeba mgongoni nikiuza vitunguu, na kama kuna mtoto aliyejifunza hesabu kwa kupanga mafungu kwenye gunia lililotandikwa chini, ni huyo. Mimi niliishia darasa la tatu. Yeye alikuwa na digrii moja tayari, anaitafuta ya pili, na hiyo ya pili ilikuwa na kikomo. Alikuwa ameshaongezewa muda mara moja alipougua. Chuo hakingemwongezea tena. Asipomaliza majaribio yake kabla ya mwisho wa mwaka, jina lake lingefutwa na kazi yote ingekuwa bure. Alinieleza hayo akiwa amesimama mlangoni, mkono kwenye kitasa, kama mtu anayetaka kukopa kitu.

Nikamwambia, "Sema unachotaka."

"Nataka paa."

Uwanja waliokuwa wakifanyia majaribio kule chuoni ulikuwa umefungwa, wanajenga mabweni. Nyumba yetu ina ghorofa nne, na juu ni paa tambarare la tangi za maji na kamba za nguo. Nilikwenda kwa mwenye ploti mwenyewe. Nimekuwa mpangaji wake tangu kuta hizi zikiwa na rangi, na sijawahi kumsumbua kwa lolote. Alikubali kwa sharti moja, kwamba hakuna tone litakalomwagwa kwenye mtaro. Mjukuu wangu akaandika karatasi kwamba maji yote yenye dawa yatarudishwa chuoni ndani ya madumu, na ndivyo ilivyokuwa hadi siku ya mwisho.

Mapipa ya plastiki ya bluu, kumi na mawili, yamekatwa juu. Maji na matope tuliyatoa kwenye chemchemi ya mbali ambako hakuna anayelima, yakaja kwa pikapu ya mboga. Ndani ya matope hayo mlikuwa na watu. Ndivyo nilivyowaita, watu. Kulikuwa na konokono wadogo kama punje ya mtama. Kulikuwa na viroboto wa maji wanaorukaruka bila kuchoka. Kulikuwa na wadudu wembamba wenye mikia mitatu, wapole, waoga, wanaojificha chini ya jani. Na kulikuwa na viluwiluwi wekundu kama uzi wa sufu, wanaopenda uchafu, ambao hata ukiwatia kwenye maji ya kufulia nadhani wangekaa.

Jirani yangu wa mlango wa pili, mzaliwa wa Majengo, Pumwani, mwenye ulimi wa wembe, alipanda kuanika shuka akasimama mikono kiunoni.

"Mwenzangu, mboga zimekushinda sasa unafuga funza?"

"Hawa wanasoma chuo kikuu," nikamjibu. "Wewe je, kuku wako wanasoma wapi?"

Mpango ulikuwa hivi. Mapipa matatu hayapati dawa kabisa. Matatu yanapata dawa kidogo, matatu kiasi, matatu nyingi, kama ile inayofika kijitoni mkulima akisuuza pampu. Kila wiki anachota maji na matope kidogo katika kila pipa, anatia kwenye chupa yake na spiriti, na chupa kumi na mbili zinashuka nyumbani kwangu. Hapo kazi yangu inaanza. Unamimina chupa kwenye sinia nyeupe, unachukua kibanio, unawatoa wadudu mmojammoja kutoka kwenye takataka na kuwapanga kwa kabila lao. Mjukuu wangu, mtoto wa chuo, alichukua nusu siku kwa chupa moja. Mimi nimechagua mawe kwenye mchele na maharagwe maisha yangu yote. Nilivaa miwani, nikaweka sinia mapajani karibu na dirisha, na kufikia chai ya saa nne nilikuwa nimemaliza chupa mbili. Yeye alihakiki zile za kwanza kwa hadubini, akakosa la kukosoa.

Ili asichanganyikiwe, alifunga uzi shingoni mwa kila chupa: mweupe kwa maji safi, njano, buluu, na mwekundu kwa dawa nyingi.

Uzi huo ndio ulioniponza.

Ilikuwa wiki ya kwanza baada ya dawa kutiwa. Yeye alikuwa darasani. Mimi nilikuwa nimebaki na chupa zote kumi na mbili mezani, na kila moja ina maji na matope ya kina cha kidole kimoja tu. Nikazitazama. Tatu zina uzi mwekundu. Tatu mweupe. Kazi ya aina moja imegawanywa katika vyombo vitatu, kwa nini? Kwenye biashara yangu, jioni ikifika na una mafungu matatu ya sukuma yaliyolegea, hukai nayo hivyo. Unayafungua, unayafanya fungu moja lenye sura. Kila mama mboga anafanya hivyo, na hakuna mteja aliyewahi kulia.

Nikamimina nyekundu tatu ndani ya moja. Nyeupe tatu ndani ya moja. Njano, buluu, vivyo hivyo. Nikabaki na chupa nne zilizoshiba. Zile nane tupu nikaziosha kwa sabuni, nikaziinamisha kwenye rafu ya vyombo zikauke. Nilijisikia mtu aliyeokoa siku.

Aliporudi aliona rafu kabla hajaniona mimi. Hakupiga kelele. Aliketi kwenye kochi na viatu vyake, akaweka begi mapajani.

"Kukhu, zile zingine ziko wapi?"

"Zingine zipi? Nyekundu ni nyekundu."

Aliziba uso kwa mikono miwili. Mimi nikakasirika, kwa sababu mtu akikosea bila kujua kosa ni lipi, kinachokuja kwanza ni hasira. Nikamwambia mimi si mtumishi wake, nimemfanyia kazi ya siku nne kwa siku moja, kama hataki msaada aende akahesabu funza wake mwenyewe. Tukanuniana mpaka chai ya jioni. Nilipomwekea kikombe, ndipo alipoanza kueleza, polepole, akichora kwa kidole kwenye kitambaa cha meza.

"Mapipa hayafanani hata bila dawa. Moja liko karibu na tangi, lina kivuli. Lingine jua linalipiga tangu asubuhi. Pipa moja likipungukiwa na wadudu, huenda ni dawa, huenda ni tabia ya pipa lenyewe. Nikiwa na matatu yaliyopata dawa sawa, naangalia: yamepungua yote, au moja tu? Nikiona yote, najua si bahati. Ulipoyachanganya, sina tena matatu. Nina moja. Na moja haliwezi kunijibu."

Niliielewa vizuri kuliko nilivyotaka kuielewa. Na wiki hiyo ndiyo iliyokuwa moyo wa jaribio zima. Ya kabla ya dawa alikuwa nayo, za baadaye angezipata, lakini pigo lenyewe nilikuwa nimelimimina.

"Si uhesabu hizi nne," nikasema, "halafu ugawe kila moja kwa tatu? Nani atajua?"

Alinitazama kama vile mimi ndiye mtoto.

"Nikigawa kwa tatu, mapipa matatu yatatoka sawa kabisa. Hakuna vitu vitatu duniani vinavyofanana hivyo. Wataona."

"Na wasipoona?"

"Mimi nitakuwa nimeona, Kukhu."

 Nilimnyima mtoto huyu mengi alipokuwa mdogo, kwa kuwa sikuwa nayo, lakini usiku nilipokuwa nikimfundisha kutosema uongo sikujua kwamba siku moja angenifundisha mimi.

Kesho yake akampigia mwalimu wake anayemsimamia na kumwambia kila kitu. Mwalimu akaja mwenyewe. Mama mrefu, alipanda ngazi viatu mkononi, akafika jikoni kwangu akazitazama chupa nane kwenye rafu, zinameremeta.

"Mama, ni wewe uliyechanganya?"

"Ni mimi. Huyu msichana hana kosa. Kama kuna adhabu, nipe mimi."

"Kuna mwanafunzi wangu aliyefanya hivihivi akiwa na digrii mbili," akasema. "Na yeye hakuziosha."

Nilimpenda mama huyo papo hapo. Lakini habari aliyoleta haikuwa tamu. Muda uliobaki ulitosha jaribio moja tu, kuanzia matope mpaka hesabu. Likiharibika hilo, hakuna lingine, na hakuna digrii.

Tukaanza upya. Tukarudi chemchemi, tukajaza mapipa, tukaacha watu wazoee nyumba. Safari hii nilitaka kujua kila kitu. Siku ya kuchagua mapipa ya kutiwa dawa, mimi nilishauri tuyapange vizuri: safi huku mlangoni, yenye dawa kule mwisho karibu na ukuta, mtu asikosee.

"Zii, Kukhu, hapana. Kule mwisho kuna kivuli cha tangi. Dawa na kivuli vikikaa pamoja, nitavitenganisha vipi? Tunapiga kura."

Kura naijua. Kwenye chama chetu cha akina mama hatusemi nani aanze kutembelewa na kupewa mchango, tunakunja karatasi, tunatia kwenye sufuria, tunafumba macho. Anayechukia zamu yake aichukie sufuria. Nikaleta sufuria ya ugali. Jirani yangu wa Majengo, aliyekuwa amekuja kuchekelea, tukampa kazi ya kuchota karatasi kwa kuwa yeye hakuwa na pipa analolipenda. Alichota kwa heshima kubwa, bismillahi kila mara, na kuanzia siku hiyo hakuna aliyeanika nguo karibu na mapipa yale bila kuzomewa naye.

Nyuzi za rangi hazikuwepo tena. Kila chupa ilikuwa na namba tu, na karatasi ya kusema namba gani ni pipa gani ilikaa kwa mwalimu. Mjukuu wangu alisema jicho likijua chupa ina sumu, linatafuta maiti. Alisema kweli. Mara ya kwanza, hata kabla ya dawa kutiwa, nikiona uzi mwekundu nilikuwa nachagua kwa huruma.

Nilihesabu wiki baada ya wiki. Chupa kumi na mbili, kumi na mbili, kumi na mbili. Niliziosha baada ya yeye kusema, si kabla. Kibanda cha mboga nilikifungua alasiri, na wateja wangu walionuna niliwaambia kwamba nina kazi ya serikali.

Katikati ya kazi hiyo kitu kikaanza kunitia wasiwasi. Chupa zote zilikuwa zimejaa vilevile. Nikijumlisha vichwa, namba za chupa hii na ile hazikuachana sana. Nikamwambia mjukuu wangu kwa uchungu, "Dawa yenu ni maji. Hakuna aliyekufa."

"Jumla inadanganya. Wewe uliyewapanga, unaona nini?"

Nikarudi kwenye masinia. Na ndiyo, chupa nyingine zilijaa viluwiluwi wekundu watupu. Wenye mikia mitatu hakuna hata mmoja. Viroboto wa maji hakuna. Wapole walikuwa wameondoka na wenye ngozi ngumu wakaingia vyumbani mwao, wakazaana. Ni kama ploti ya wapangaji. Ukihesabu milango yenye kufuli utasema hakuna aliyehama. Lakini gonga uone anayefungua.

Aliposhika hesabu zote na karatasi ya mwalimu ilipofunguliwa, alinikalisha mbele ya kompyuta yake. Hakuchora mdudu mmojammoja. Alichukua jamii nzima, makabila yote kwa pamoja, akaipima kila wiki dhidi ya mapipa safi. Mapipa safi yakawa mstari ulionyooka kama kamba ya nguo. Dawa kidogo ikatembea kandokando ya kamba, ikaachana nayo kidogo tu. Dawa ya kiasi ikashuka, ikarudi. Dawa nyingi ikaanguka kama jiwe, ikalala chini wiki nyingi, halafu ikaanza kupanda, ikapanda, na mpaka tunamaliza haikuwa imefika kwenye kamba.

"Inaweza kuwa bahati?" nikauliza. Nilikuwa nimejifunza kuuliza hivyo.

"Hilo ndilo napima." Akabonyeza. Kompyuta ikaanza kupiga kura upya, kama ile ya sufuria, mara nyingi kuliko nywele zangu, kila mara ikijifanya mapipa yalipata dawa kwa mpangilio mwingine, na kutazama kama bahati tupu ingeweza kuleta mstari ulioanguka hivyo. Tulisubiri tukinywa uji. Karibu kura zote hazikuuleta; haikuwa bahati.

 Mjukuu wangu alinishika mkono wa kibanio akanibusu vidole.

Siku ya kutetea kazi yake nilivaa rinda langu la kanisani na kitambaa kipya, nikaketi nyuma kabisa. Mbele walikaa wazee watano wa elimu. Walimuuliza kwa Kiingereza na yeye akawajibu bila kumeza mate. Kisha mmoja, mwanamume wa tai, mpole wa sauti na hao ndio wabaya, akafungua katikati kitabu cha utafiti ule. Humo mjukuu wangu alikuwa ameliandika jaribio la kwanza, lote, pamoja na jinsi lilivyoharibika. Mwalimu alimwambia angeweza kuliacha. Hakuliacha.

Mzee wa tai akauliza ni msaidizi gani huyo aliyechanganya sampuli, na kama hata ile ya pili inaweza kuaminiwa ikiwa ilipita mikononi mwa mtu huyohuyo. Kiingereza changu ni cha sokoni, lakini hilo nililipata.  Mjukuu wangu alifungua mdomo, na mimi nikawa nimeshasimama.

"Ni mimi."

Wote wakageuka. Mzee akanitazama, akahamia Kiswahili.

"Karibu, mama. Sasa niambie, kwa nini haifai kuchanganya? Dawa si ilikuwa ileile?"

"Daktari hachukui damu ya watoto watatu akaimimina kwenye kichupa kimoja," nikamwambia. "Akikuta malaria humo, atamtibu nani? Huenda ni mmoja anayeumwa. Huenda ni wote. Mimi niliwamimina. Ndiyo maana huyu alianza upya na hakuiba namba, ingawa mimi nilimwambia aibe. Na ya pili hamna uzi wala rangi, namba tu. Hata ningetaka kumpendelea, ningempendelea nani?"

 Mzee akaandika kitu, akasema kwa Kiswahili, pengine ili nielewe, "Sina swali lingine."

Walitutoa nje. Tulikaa kwenye benchi la korido, yeye akitafuna ncha ya kitambaa changu kama alivyofanya akiwa na miaka mitatu, nami sikumkataza. Mlango ulipofunguliwa, mwalimu wake ndiye aliyetoka, viatu safari hii miguuni, na alikuwa anatabasamu kabla hajasema. Amepita. Arekebishe herufi chache, basi. Mimi nilipiga vigelegele pale kwenye korido ya chuo kikuu, milango ikafunguka huku na huku, na sikuomba radhi.

Jumamosi nilichinja jogoo. Kwetu firigisi ni ya mwanamume wa nyumba. Mume wangu aliila mpaka alipokufa, na tangu hapo mwanangu wa kwanza akija kula kwangu anaikuta kwenye sahani yake bila kuuliza. Siku hiyo nilipakua ugali, nikapakua nyama, na firigisi nikaiweka kwenye sahani ya mjukuu wangu.

Mwanangu akatazama sahani yake, akatazama ya mjukuu wangu.

"Mama, naona umekosea sahani."

"Sijakosea. Wewe umehesabu wadudu wangapi?"

Jirani yangu wa Majengo alicheka mpaka akashika meza. Mwanangu naye akacheka, akanawa mikono, akaanza na shingo. Mjukuu wangu aliinua firigisi, akaigeuza kwenye mwanga kama anayekagua sampuli, kisha akaila yote. Hakumgawia mtu.